Fidla ya Marehemu na Metali ya Binti

Mume wangu ana vitu viwili visivyoguswa humu ndani: fidla ya marehemu baba yake, na kauli yake. Kauli huwa naigusa nikitaka. Fidla nilikuwa naifuta vumbi tu, tena kwa kitambaa alichokichagua mwenyewe, naye amesimama nyuma yangu akinielekeza.

Fidla hiyo tulitoka nayo Unguja tulipohamia Helsinki. Ilikuwa ndani ya kasha lake, imezungushiwa doti ya kanga, na safari nzima niliipakata mimi. Mtoto alipakatwa na baba yake, na naamini ndege ingeyumba angeniuliza kwanza hali ya fidla. Baba mkwe, Mungu amrehemu, aliipiga kwenye kikundi cha taarab kule Ng'ambo, enzi za vikundi vikubwa, wapigaji fidla wamekaa safu nzima jukwaani na suti zao. Taarab yetu imechota sana Misri. Sultan Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, anasimuliwa kuwa ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim kule akajifunze muziki. Mwaka 1905 kikazaliwa kikundi cha Ikhwani Safaa. Baadaye, filamu na redio za Cairo zilipofika visiwani, vikundi vikatamani okestra ya namna ile iliyokaa nyuma ya mwimbaji Umm Kulthum. Okestra maana yake fidla, na fidla maana yake kina baba mkwe.

Basi tulipopata nyumba hapa Kontula, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na sebule, mume wangu alitafuta mahali pa heshima pa kuitundika. Akapigilia msumari kwenye ukuta wa sebule, juu kidogo ya kile chuma kinachopasha nyumba joto.

"Baba watoto," nikamwambia, "hapo pana joto."

"Marehemu alikuwa mtu wa joto," akanijibu. "Baridi ya huku ingemchukiza."

Hapo hoja ilikwisha. Kwake yeye fidla na marehemu ni mtu mmoja, na mtu aliyekwisha kufa hagombaniwi na mkwe.

Binti yetu naye alianza fidla akiwa na miaka saba, kwenye chuo cha muziki cha watoto hapa mjini. Wafini hawana mzaha na jambo hili. Mtoto huazimwa chombo kidogo, mkono ukirefuka hubadilishiwa kikubwa, na mwalimu hukaa naye wiki hadi wiki mpaka kidole kijue mahali pake. Mwalimu alimsimulia habari za mtunzi Sibelius, ambaye Wafini humtaja namna sisi tunavyomtaja Siti binti Saad. Sibelius ujanani alitaka kuwa mpigaji fidla. Mwaka 1891 akajaribu bahati yake kwenye okestra ya Vienna, wakamkataa, akabaki na kalamu ya utunzi. Mume wangu alikipenda kisa hicho, akakisimulia kwa kila mgeni aliyekuja kula kwetu. Akipata nafasi alimweka binti chini ya ile fidla ya ukutani na kumwambia, "Siku moja itakuwa yako, mama." Mtoto alikuwa akiinua macho na kuitazama, kisha anarudi kwenye mazoezi yake.

Alipotimiza miaka 14 nguo zake zikaanza kuwa nyeusi. Jioni moja, tunakula pilau, akasema, "Baba, nimejiunga na bendi."

"Ya taarab?" Huyu ni mtu anayeishi Helsinki, jamani.

"Ya metali. Metali ya simfoni."

Mume wangu akaweka kijiko chini. Kwa msomaji ambaye hana kijana wa umri huo nyumbani, metali ni gitaa za umeme zilizotiwa mkwaruzo mpaka zinguruke, dramu inayopigwa kwa miguu yote miwili, na mara nyingi mtu mmoja anayeimba kwa kukoroma kutoka tumboni. Metali ya simfoni huchukua hayo yote, ikapanga juu yake okestra na kwaya, na pale katikati ikamsimamisha mwimbaji, aghalabu mwanamke, mara nyingine mwenye sauti ya kufundishwa opera. Hayo nimeyajua mezani siku ile, kwa sababu binti alitoa ushahidi wake wote mpaka pilau ikapoa. Kwamba mwaka 1996 kundi la Therion la Sweden lilitoa albamu ya Theli yenye kwaya na mambo ya okestra. Kwamba mwaka uleule, Kitee, mji mdogo wa mashariki ya Finland hii hii anayolipia kodi baba yake, ilianzishwa Nightwish. Kwamba vijana wanne wa selo kutoka Akademia ya Sibelius, mahali ambapo baba huyohuyo anamwombea dua aingie, walitoa mwaka huohuo rekodi ya nyimbo za Metallica bila gitaa hata moja, wakijiita Apocalyptica. Na kwamba Metallica wenyewe walipiga mwaka 1999 pamoja na okestra ya San Francisco, kondakta akiwa Michael Kamen.

"Sasa, Baba," akamaliza, "okestra ile ilikuwa na fidla au haikuwa nazo?"

"Fidla haikuumbwa kwa kelele," akasema mume wangu, akainuka, akaenda kuiangalia ile ya ukutani.

Mimi sikuwa na upande bado. Nilimwomba binti anisikilizishe wimbo mmoja kabla sijahukumu, naye akanivisha vipokea sauti vyake masikioni, akanichagulia "Ghost Love Score" wa Nightwish, kutoka albamu yao ya 2004. Dakika kumi. Mwanamke analalamika, nyuzi zinamjibu, anakaa kimya, okestra inakwenda peke yake muda mrefu mpaka unasahau kuwa kuna mwimbaji, halafu anarudi na uchungu wake mzimamzima, na nyuzi zile zinampandisha. Nilipovua vile vitu nilimtazama mume wangu kwenye kochi. Mtu huyu kila mwisho wa wiki huweka taarab ya dakika kumi, mwanamke analalamika, fidla zinamjibu, na ukimsemesha katikati anakunyamazisha kwa mkono. Tofauti niliyoiona ilikuwa kwenye dramu.

Na visa vya bendi hizo nilivielewa mara moja, maana nimekulia kwenye mipasho. Oktoba 2005 Nightwish walimaliza onyesho kubwa hapa Helsinki, wakakumbatiana, kisha wakampa mwimbaji wao Tarja Turunen barua ya kumwachisha, na barua hiyo ikawekwa hadharani dunia nzima isome. Barua ya wazi! Kwetu hata talaka hukunjwa. Mashabiki waligawanyika, na binti ananiambia mpaka leo wapo wasiosameheana. Nikamwambia hilo halinishangazi, aniulize habari za vikundi vya taarab vya mjini.

Matata ya nyumbani yaliletwa na mvulana wa kinanda. Bendi yao ina watano mbali na yeye: gitaa, besi, dramu, msichana mwimbaji, na huyo kijana mwenye kinanda na kompyuta. Wanafanya mazoezi kwenye nyumba ya vijana ya mtaa. Binti alipofika na fidla yake kwa mara ya kwanza, kijana alimwonyesha kwamba ndani ya kompyuta yake tayari mna okestra nzima, sauti zilizorekodiwa kutoka fidla halisi, akibonyeza kidole kimoja zinalia zote. Hakusema uongo. Bendi nyingi za aina hii husafiri hivyo, okestra ikiwa ndani ya kinanda au kwenye rekodi inayokwenda sambamba na dramu, kwa sababu kuzungusha wapigaji wa nyuzi hamsini mji hadi mji ni gharama ya harusi kila usiku. Lakini binti alirudi nyumbani na machozi ya hasira, akala wima.

Tatizo la pili lilikuwa sauti. Fidla moja ya mbao mbele ya gitaa zenye mkwaruzo haisikiki. Uzi wake mzito unatoa mitetemo 196 kwa sekunde, na huko ndiko gitaa zimejaa, hakuna pa kupita. Ukiiongezea kipaza sauti ili ishindane, mbao zenyewe zinaanza kupokea mlio wa spika na kuurudisha, na ukumbi mzima unapigwa na ule mlio wa kuchoma masikio unaoujua kwenye mahubiri ya hadhara. Mwalimu wake wa chuo, mama mmoja mtu mzima ambaye nilidhani atamkanya, alimpa ushauri wa fundi kwa fundi. Abandike kinasa sauti kidogo kwenye daraja la fidla. Ahame kule chini, apige oktavu moja juu ya gitaa. Na gitaa zikikatakata yeye avute upinde mrefu. Zikishikilia mlio mrefu yeye ndiye akatekate. Binti aliniambia watunzi wa metali ya simfoni hupanga hivyohivyo, kila chombo kinaachiwa nafasi yake, vinginevyo mkubwa humeza mdogo.

Lakini wimbo wao mmoja ulitaka safu nzima ya fidla, na binti aliapa safu hiyo haitatoka kwenye kompyuta ya yule kijana. Okestra kubwa ina fidla za kwanza hadi 16. Basi angejirekodi yeye mwenyewe mara 16, sauti juu ya sauti.

"Rekodi mara moja, kisha unakili," baba yake akamshauri. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameingia kwenye jambo lile kwa hiari.

"Ukinakili unapata fidla ileile kwa sauti ya juu, Baba. Upana unatokana na kutofautiana. Huyu anachelewa unywele mmoja, yule amepanda kidogo, ndipo zinakuwa watu wengi."

Mume wangu alinyamaza. Nadhani alikuwa anasikia safu ya baba yake. Kisha binti akaanza, na utamu wote ukaisha. Vipande vinane vya muziki, vilevile, chumbani, mlango umefungwa, ukingoni mwa daraja amebana mpira mzito wa kufifisha sauti, kwa hiyo kilichotufikia sebuleni kilikuwa kama nyuki aliyefungiwa chupani, akizungukia mahali pamoja. Akikosea anarudia. Alikosea sana. Mdogo wake wa kiume, mwenye miaka tisa, aliyashika mashairi ya wimbo ule pamoja na sehemu ya kukoroma, na akapata kwamba bafuni kwetu koo lake linarindima vizuri kuliko mahali pengine pote.

Usiku wa kisa chenyewe ulikuwa wa Januari, nje nyuzi ishirini chini ya sifuri, chuma cha joto kinawaka kwa nguvu zake zote. Mume wangu alikuwa kwenye simu ya video na mama yake, Unguja. Nikasogea nimsalimie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mu wazima?"

Kabla sijajibu, mtoto akakoroma bafuni. Alikoroma kwa ustadi, lazima niseme haki. Mama mkwe akasogeza uso kwenye simu hadi tukaona paji la uso tu.

"Nani huyo?"

"Mjukuu wako, mama, anaoga."

"Huyo si mjukuu wangu. Huyo kapandwa."

Na hapohapo, wallahi, ukutani kukasikika *pa!* Tukageuka. Nyuzi za fidla ya marehemu zilikuwa zimelegea zote, daraja limeanguka chini ya kochi, na ubavuni, pale ubao wa juu unapokutana na ubavu, pameachia ufa unaoingiza ukucha. Mume wangu aliishusha kwa mikono miwili, na alipoiinamisha kitu kikaviringika ndani, koroko, koroko. Mama mkwe alisikia hata huo mviringiko.

"Ina kitu ndani," akasema kwa sauti ya chini. "Chomeni ubani. Chomeni sasa hivi nami nipo hapa."

Binti alitoka chumbani na upinde mkononi. Akajaribu kueleza kwamba si jini, kwamba kisa cha fidla na shetani Wazungu wanacho zamani, tena kikubwa: Paganini wa Genoa alipiga kwa namna ambayo watu walidai ameuza roho, na alipofariki mwaka 1840 kanisa lilimnyima maziko, maiti ikakaa miaka bila kaburi la heshima. Na kwamba kutoka kwa Paganini huyohuyo ndiko Yngwie Malmsteen wa Sweden alikochota zile mbio za vidole zilizoingia kwenye gitaa za metali. Alikusudia kututuliza. Mama mkwe alisikia neno shetani na neno maiti.

"Ubani!" akapiga kelele.

Mume wangu akachoma ubani. Hatuna chetezo huku, akautia kwenye kikaango na makaa ya kuchomea nyama, akazunguka nao sebule, akaufikishia kila kona, na mwisho akausimamisha chini ya king'ora cha moshi. Kila nyumba ya Finland ina king'ora hicho, ni sheria. Kilipoanza kulia, mtoto akatoka bafuni na taulo akidhani nyumba inaungua, akapiga ukelele wake wa metali, wa dhati safari hii, na mama mkwe akakata simu ili, alivyotueleza baadaye, aende kumwamsha shehe. Nikafungua madirisha yote. Baridi ya nyuzi ishirini ikaingia. Fidla ikapigwa na hewa ya nje baada ya kukaushwa na chuma cha joto wiki nzima, na ule ufa ukaongezeka tukiuona.

Sababu ya yote hayo tuliijua kwa fundi, na haina jini hata mmoja. Pwani hewa yetu ina unyevu wa asilimia 70 na zaidi mwaka mzima, na mbao za fidla ile zilishiba unyevu huo miaka na miaka. Finland wakati wa baridi, hewa ya nje ikiingizwa ndani na kupashwa moto, unyevu hushuka chini ya asilimia 30. Mbao hunywea. Vigingi vya kukazia nyuzi hupwaya kwenye matundu yake, vikaachia, nyuzi zikalegea. Nyuzi nne zikikazwa huvuta kwa nguvu inayozidi kilo 20, na ni mbano huo tu unaoshikilia daraja juu na kijiti kidogo cha msonobari ndani, kati ya ubao wa mbele na wa nyuma. Kijiti hicho hakigundishwi. Mbano ukiondoka kinaanguka, nacho ndicho kilichokuwa kikiviringika.

Lakini kabla ya fundi kulikuwa na mume wangu. Asubuhi yake, mimi nikiwa kazini, alikwenda dukani akanunua gundi, ile ya kukausha kwa sekunde, akaziba ufa. Binti alipotoka shule alimkuta amebana fidla kwa vibanio vya nguo, ameridhika. Aliniambia kwenye simu kwamba alipoiona hakusema neno, alikaa chini sakafuni.

Fundi wa fidla, mzee wa Kifini mwenye karakana isiyozidi jiko letu, aliigeuza chini ya taa, akapitisha kucha kwenye ile gundi, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akauliza ni nani. Mume wangu akajibu ni bahati mbaya. Tukaelezwa kwamba fidla huunganishwa kwa gundi ya ngozi za wanyama, nayo kusudi hufanywa dhaifu kuliko mbao, ili hali ya hewa ikibadilika kiachie kiungo na ubao usipasuke. Kiungo kilichoachia hufungwa tena kwa saa chache. Gundi ya sekunde haiachii kamwe, kwa hiyo ubao ndio unaopasuka, na kuitoa ni kazi ya kisu, unyoya kwa unyoya. Akaandika bei kwenye karatasi. Mume wangu akaisoma, akauliza kama hiyo ni bei au namba ya simu.

Wiki ileile ikaja barua ya msimamizi wa jengo. Wakazi walikuwa wamelalamikia muziki kutoka nyumba yetu baada ya saa nne usiku, wakati wa utulivu. Ah! Mume wangu alikuwa ameipata silaha. Akatuita wote sebuleni, akavaa miwani, akasimama chini ya msumari mtupu, akaanza. Kwamba alionya. Kwamba metali imevunja fidla ya marehemu na sasa itatutoa kwenye nyumba. Kwamba kuanzia leo bendi basi.

"Barua inasema siku gani?" nikamuuliza.

Akatazama. Jumamosi, saa tano usiku.

Jumamosi ile binti alikuwa amelala kwa rafiki yake. Jumamosi ile, saa tano usiku, baba watoto alikuwa na wageni wawili kutoka Tampere, na kwa heshima yao alifungulia taarab mpaka vikombe vikatikisika kabatini. Binti hujirekodi na vipokea sauti masikioni na mpira juu ya daraja, na saa tatu huwa ameshafunga kasha. Nyumba nzima hakuna mtu mkimya kuliko yule wa metali. Nilimwomba mume wangu aendelee na hotuba, akasema amechoka.

Fidla ilipopona tulikwenda kuichukua sote. Fundi alikuwa ametia nyuzi mpya, akaikaza kama zinavyokazwa za Wazungu: sol, re, la, mi. Mume wangu akaisikiliza akatikisa kichwa. Marehemu hakuikaza hivyo. Yeye aliikaza kwa Kiarabu, namna wapigaji wengi wa Misri wanavyofanya: sol, re, kisha sol ya juu, re ya juu. Fundi alitabasamu, akazishusha zile mbili nyembamba taratibu, akampa binti ajaribu.

Binti akadonoa nyuzi tatu nzito kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine. Akasita. Akazidonoa tena, haraka, kwa pamoja. Halafu akacheka peke yake, tukamuuliza kuna nini.

"Hii ndiyo kodi ya metali," akasema.

Akatueleza, na fundi akawa anaitikia kwa kichwa. Kodi ni sauti kadhaa zikipigwa pamoja. Wapigaji gitaa wa metali hawapendi kodi kamili, kwa sababu ukiitia mkwaruzo sauti zake zinagongana na kuwa uji. Hupiga sauti ya mzizi, ya tano yake, na mzizi tena oktavu moja juu. Hakuna ile sauti ya tatu inayosema kama wimbo una furaha au huzuni. Kinabaki kitu kitupu, kigumu, na ndiyo nguvu ya muziki wenyewe. Sol, re, sol. Nyuzi tatu nzito za baba mkwe, bila kuweka kidole hata kimoja, zilikuwa kodi hiyo. Zilikuwa hivyo alipozikaza Ng'ambo kwa ajili ya harusi, kabla wazee wa Therion hawajafikiria kununua gitaa.

Mume wangu alimwomba azidonoe tena. Njiani kwenye treni ndiye aliyeibeba.

Onyesho lilifanyika Machi kwenye nyumba ya vijana. Mlangoni waligawa vizibo vya masikio. Mume wangu alivikataa kwa kiburi, na wimbo wa pili ulipoanza akanyoosha mkono bila kunitazama, nikampa vyangu vya akiba. Wimbo wa mwisho binti alibadilisha chombo. Akashika fidla ya babu yake, kinasa sauti kimebandikwa kwenye daraja jipya, zile fidla zake 16 zikitoka kwenye kompyuta ya mvulana wa kinanda, ambaye sasa anazilinda kuliko mwenyewe. Gitaa zikaanza kukata, naye akavuta upinde mrefu juu yake, re ya juu, kisha akateleza kushuka kwa ile miteremko ya taarab ambayo hakuna aliyemfundisha darasani. Ameisikia sebuleni tangu tumboni mwangu. Nikamtafuta mume wangu kitini, sikumwona.

Alikuwa nyuma ya ukumbi, kwenye meza ya mitambo, amemwinamia kijana wa sauti na kizibo kimoja mkononi. Anamwamuru apandishe fidla.

Sasa anahudhuria mazoezi, na mwimbaji ameniomba kwa adabu niongee na mume wangu. Mama mkwe amekubali kwamba fidla haina kitu, ila mjukuu bado ana mashaka naye. Kwenu mlioko nchi za baridi na mna fidla, udi au kanuni ya urithi ukutani: ishusheni kabla ya Novemba, ifungieni ndani ya kasha pamoja na kile kimfuko cha kutunza unyevu, kisichofika bei ya kilo moja ya nyama, na gundi ya sekunde ificheni mbali na wanaume. Bei ya fundi wetu tunailipa kwa mafungu mpaka Septemba.